Walikimbia Uskoti au walikimbilia Uskoti?

Msomaji wetu anaandaa somo la historia, kaandika hivi: "Desemba 1569 Earl wa Northumberland na Earl wa Westmorland walikimbia Uskoti na Malkia Elizabeth akawakimbilia." Mwenzake kamwambia sentensi imegeuka, anauliza nani yuko sahihi.

Mwenzako yuko sahihi ndugu yangu. Ukikimbia nchi maana yake unaihama, ukikimbilia nchi ndo unaenda kujificha huko, najua mtaani watu wanasema "kakimbia Kenya" na wanaelewana, ila kwenye habari ya mpaka kama hii msomaji anapotea kabisa maana hawa jamaa wawili wenye cheo cha Earl (yaani wakuu wa kikabaila wa Uingereza) waliikimbia Uingereza baada ya uasi wao wa kaskazini dhidi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza kufeli, wakakimbilia Uskoti. Halafu hiyo "akawakimbilia" ndo mbaya zaidi, hapo Malkia anaonekana kaenda kuwaomba hifadhi! Sema aliwakimbiza, au bora zaidi aliwasaka, maana Aprili 1570 Earl wa Sussex, jemadari wa Malkia, alivuka mpaka na jeshi akachoma vijiji na ngome huko Teviotdale upande wa Uskoti kuwaadhibu waliowaficha waasi, huo ni msako na sio mbio tu.

Ila angalia kwa Thomas Percy, yule wa Northumberland. Usije ukaandika "alikimbizwa Lochleven", watu watadhani kaugua ghafla kama tunavyosema mtu kakimbizwa hospitali. Percy alisalitiwa na Hector Armstrong, mtu wa hapo hapo mpakani aliyekuwa kampa hifadhi, akaangukia mikononi mwa Moray aliyekuwa anatawala Uskoti kwa niaba ya mfalme mtoto, akafungwa kwenye ngome ya Lochleven katikati ya ziwa. Na 1572 wengi wanaandika "alikabidhiwa" kwa Waingereza, mi sikubali, hilo neno linaficha pesa. Elizabeth alilipa pauni 2,000, kwa hiyo andika aliuzwa, kisha Agosti 22 mwaka huohuo akakatwa kichwa York.

Kwa Charles Neville wa Westmorland hapo sasa "kukimbia" kwako kunafaa. Akina Kerr wa Ferniehirst, ukoo wa Kiskoti wa hapo mpakani, walimficha, baadaye naye akaikimbia Uskoti akakimbilia Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo, enzi hizo chini ya Hispania), akaishi kwa pensheni ya mfalme wa Hispania mpaka akafia huko 1601.