Gari inachemsha mlimani tu: nifungue silinda hedi?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Naendesha lori ya breki za upepo, napakia saruji bandarini Mkoani kupeleka Wete. Ikiwa tupu haina neno. Ikiwa na mzigo, kila mlima geji inakimbilia nyekundu. Nikisimama na kuiacha inaunguruma, inashuka. Fundi katoa themostati (vali inayofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto), hali ikazidi. Asubuhi nikiwasha mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, naona mapovu. Sasa anataka tufungue silinda hedi, kile kichwa cha injini. Nikubali? (Dereva, Chake Chake)

JIBU: Waalaykum salaam. Usikubali bado.

Rudisha themostati kwanza. Najua wengi husema kwa joto letu hili haina kazi. Lakini kwenye injini nyingi za malori, themostati inapofunguka ndiyo hiyo hiyo inayoziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka na moto wake. Nunua mpya ya nyuzi zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani (82 ni ya kawaida), uijaribu kwenye sufuria ya maji na kipimajoto kabla ya kuifunga.

Mapovu nayo yana mshukiwa ambaye mafundi wengi humsahau: kompresa ya breki, pampu inayojaza upepo kwenye matangi. Kwenye malori mengi inapozwa na maji ya injini, na gasketi yake ikipasuka upepo unaingia kwenye maji, lawama ikaenda kwa silinda hedi. Injini ikiwa baridi, tia magogo kwenye matairi, kanyaga breki mpaka matangi yaishiwe upepo, kisha washa injini, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Mapovu yakija wakati matangi yanajaa, yakapungua kompresa inapoacha kujaza, karibu na ba 8 (ba ni kipimo cha shinikizo), umempata. Yakiendelea vilevile, na siku nyingine ukiwasha injini baridi mfuniko ukiwa umefungwa mipira ya maji ikawa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, hapo fundi wako ana hoja.

Ila gari inayochemsha kwa mzigo peke yake, mimi naanzia rejeta na feni. Chungulia kati ya intakula (kipoza hewa ya turbo, kilicho mbele ya rejeta) na rejeta: vumbi na oili hugandana humo, na ukitazama kwa mbele huoni kitu. Zitenganishe, uoshe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji yasiyo na kasi kubwa, mapezi (vile vibati vyembamba) yasilale. Halafu klachi ya feni, inayoishika feni izunguke na injini. Gari ikiwa moto, zima, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka bure bila kukaza, imekufa. Mlimani mwendo ni mdogo, upepo wa njiani hautoshi, feni ndiyo kila kitu.

Unajaza maji gani? Maji mengi ya visima vyetu yana chokaa. Ile nyeupe inayoganda ndani ya birika la chai inaganda pia kwenye mirija ya rejeta. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, si asidi.

Na punguza gia mapema, kabla injini haijalemewa. Ukipanda gia kubwa mizunguko inashuka, na pampu ya maji na feni zinapungua nguvu pale pale zinapohitajika.

Geji ikigusa nyekundu, simama, iache iungurume maadamu maji hayajamwagika. Mfuniko usiuguse: kwa shinikizo la ba 1 zaidi ya la hewa ya nje maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120, na ukiufungua yatakurukia usoni. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa mkono.