Simu Wima au Simu Mlalo: Jibu kwa Binti Aliyeambiwa Ni Ushamba

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Morogoro. Ameanza kupiga video za sherehe kwa simu na anasoma kozi fupi ya video. Ameandika hivi: "Dada, shikamoo. Mwalimu wetu anasema anayepiga video simu ikiwa imesimama ni mshamba, video ni ya kulaza tu. Lakini wateja wangu wote wananiomba ya kusimama. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeurudia mara kadhaa, maana maneno hayo na mimi niliambiwa, tena mbele za watu, na mpaka leo hayajanitoka.

Ndiyo kwanza nilikuwa naanza. Ukumbi ulikuwa Sinza, shughuli ni sendofu. Kamati ilikuwa imemlipa mpiga video mkubwa, mwenye kamera mbili na vijana wa kushika taa. Mimi niliitwa na dada yake bibi harusi nipige "za simu", wapate cha kuweka stetasi. Bibi harusi akaingia, mashangazi nyuma yake wanapiga vigelegele. Nikasimamisha simu, nikawa narudi kinyumenyume mbele yake, viwiko nimevibana mbavuni ili mkono usitetemeke. Yule bwana akasema kwa sauti, wakati huo MC amenyamaza na muziki umeshushwa: "Huyo dada afundishwe kwanza kushika simu, anatuharibia fani." Meza za mbele zikacheka.

Nikaendelea kupiga. Kabla ukumbi haujafungwa, klipu ile ilikuwa kwenye stetasi za ukoo mzima. Kazi yake yeye ilitoka miezi baadaye ikiwa kwenye flashi, na mama wa bibi harusi akanipigia kuniomba ile yangu tena, kwa sababu ile ya flashi hana pa kuichomeka.

Hapo katikati sipasimulii, ni kazi za kawaida na madeni ya kawaida. Nitaje tu kwamba mwezi uliopita kamati ya harusi moja ya Tabata imeniita mimi kuwa mpiga video mkuu, na kwenye bajeti yao wameandika mistari miwili: video ya ukumbini, na video ya simu. Kila mstari na fedha yake. Nilipoiona ile karatasi nilimkumbuka yule bwana wa Sinza, na nimefurahi, siwezi kuficha.

Sasa tuje kwenye hoja, maana sitaki uende kwa mwalimu wako na hasira mikono mitupu.

Wanaotetea mlalo wana sababu ya kweli. Macho yetu mawili yamekaa kando kwa kando, kwa hiyo tunaona kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Skrini za sinema ni pana, na TV za siku hizi ni 16 kwa 9, yaani upana 16 kwa urefu 9. Ukiweka video ya wima kwenye TV au kwenye projekta ya ukumbini, inakuwa ukanda mwembamba katikati na weusi pande zote mbili. Nani atageuza TV iliyopigiliwa ukutani? Kwa kazi ya kutazamwa ukutani, mwalimu wako yuko sahihi, na umheshimu.

Ila simu haijapigiliwa popote. Iko kiganjani, na kiganja huishika ikiwa imesimama. Snapchat, programu ya kutumiana picha na video, walilielewa hilo mapema. Instagram wakaleta Stories, stetasi zao, Agosti 2016, WhatsApp wakaleta stetasi za picha na video Februari 2017, TikTok ikaunganishwa na Musical.ly, programu nyingine ya video fupi, Agosti 2018, na YouTube, nyumba kubwa ya video za mlalo, wakaanza Shorts, video zao fupi za wima, India mwaka 2020 na mwaka uliofuata wakazieneza kwingine. Hao hawakukaa kikao cha kudharau fani. Walitazama watu wanavyoshika simu, wakafuata mkono.

Na upande wa pili nao ulipitiliza, niwe mkweli. Mwaka 2018 Instagram walifungua IGTV, sehemu yao ya video ndefu, wakikubali za wima tu. Haukupita mwaka wakaruhusu na za mlalo. Kwa hiyo anayekwambia mlalo umekufa, naye usimfuate.

Ubishi wenyewe ni mkongwe kuliko simu. Mwaka 1930 mwongozaji wa filamu wa Kisovieti, Sergei Eisenstein, alisimama Hollywood mbele ya mafundi wa sinema waliokuwa wanajadili kupanua skrini. Akawaambia picha za wima zimesahauliwa, na akapendekeza skrini ya mraba ili zote mbili zipate nafasi. Hawakumsikiliza. Siku mtu akikuita mshamba, ujue uko na wenzako wakubwa.

Lakini mimi sikuhitaji Hollywood kunishawishi. Angalia picha ya babu na bibi iliyoko sebuleni kwenu, ile ya studio, ya kofia na baibui. Imesimama. Mpiga picha wa zamani alijua kwamba mtu akitaka aonekane yeye, na viatu vyake, na saa yake, fremu inasimama pamoja naye.

Kule Tabata mashangazi waliingia kwa mstari wamevaa doti mpya za kanga. Jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa, linakaa chini, karibu na pindo, na kanga ikivaliwa vizuri linasomeka chini ya magoti. Yao ilisema NANI KAMA MAMA. Ukilaza simu hapo una mawili: usogee karibu upate nyuso na ukose jina, au urudi nyuma upate jina na mashangazi wawe wadogo, huku nusu ya fremu yako ikiwa viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa. Nilisimamisha simu nikapata kilemba, uso, mikono inayopiga makofi, na jina, kwa pamoja. Mama wa bibi harusi alipogeuka akalisoma, machozi yakamtoka, na yote yalikuwa ndani ya fremu moja. Watu wanaposema ile klipu imewaliza, ndiyo sababu.

Sasa sikiliza, na hapa naomba usiruke: usipige kitu kabla hujajua kitatazamwa wapi. Projekta na TV, laza. Stetasi na TikTok, simamisha. Halafu tazama umbo la kitu chenyewe. Mtu mmoja, wawili wanaokumbatiana, bibi harusi anayeingia kupitia njia ya katikati, hao ni wa wima. Matarumbeta wamejaa nyuma ya pikapu, msafara wa magari, ukumbi mzima unacheza kwa mistari, meza kuu na wapambe wote, hizo ni za kulaza hata kama mteja anataka TikTok, kwa sababu ukisimamisha unamtoa mtu nje. Pale Tabata niliweka kijana kwenye stendi na kamera ya mlalo, mimi nikatembea na simu wima.

Usidanganyike kwamba utapiga mlalo kisha utakata wima nyumbani. Fanya hesabu mwenyewe. Video ya kawaida ni pikseli, yaani vidoa vidogo vya picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Ukikata humo kipande cha wima, cha 9 kwa 16, unabaki na upana wa kama 608 tu, chini ya theluthi moja ya ulichopiga, na ukikikuza kijae simu kinakuwa na ukungu. Ukipiga 4K, ile ya 3840 kwa 2160, unaokoa ubora, maana kipande kinabaki na upana wa 1215. Mpangilio wa fremu huuokoi: kichwa kiko huku, mkono wa anayempa zawadi uko kule, na ukanda wako haufiki kote.

Mambo mengine ni ya mkono na mazoea. Wima haupendi kuzungushwa haraka kushoto na kulia, jicho linachoka. Panda juu, shuka chini, au tembea kumfuata mtu. Usigeuze simu katikati ya kurekodi ukidhani video itageuka nayo. Simu nyingi hushika mkao uliokuwa nao ulipobonyeza. Na ukipiga chakula kutoka juu, sufuria la pilau kwa mfano, simu ikitazama sakafu inashindwa kujua iko wima au mlalo. Isimamishe kwanza, hakikisha alama za kwenye skrini zimekaa wima, bonyeza, ndipo uinamishe. Chini ya fremu acha nafasi, kwa sababu TikTok inaweka maelezo hapo, na kulia kuna vitufe. Lile jina la kanga nisingeliacha nafasi chini yake, lingefunikwa na jina langu mwenyewe.

Jambo moja pembeni, ila ni zito kwangu. Video ya kicheni pati haipandishwi popote bila ruhusa ya mwenye shughuli. Yanayosemwa mle ni ya wanawake waliomo mle. Simu yako ikisimama au ikilala, hilo halibadiliki, na nimeona watu wanapoteza wateja wa ukoo mzima kwa klipu moja.

Najua wewe unayesoma hapa unataka kufika. Unataka upigiwe simu na watu usiowajua, wakutaje kwa jina kwenye vikao vya kamati. Basi acha kuomba radhi kwa chombo ulichonacho. Mwenye kamera kubwa akikucheka, msalimie, endelea kupiga. Jifunze na mlalo kwa huyo huyo mwalimu, usimbishie darasani, chukua kila anachojua kuhusu mwanga na sauti, kwa sababu hivyo havina wima wala mlalo na ndivyo vinavyowaangusha wengi wetu. Soma, uliza, rudia. Usikubali tu sheria ambayo anayekupa hawezi kukueleza sababu yake.

Kuhusu bei, maana najua utaniuliza: kazi mbili zina bei mbili. Mteja akisema "si utageuza tu", mwonyeshe ile hesabu ya 608 kwenye simu yake mwenyewe, kwa klipu yake mwenyewe. Halafu muandikishane klipu za wima ni ngapi, zinatoka lini, na nani ana ruhusa ya kuzipandisha. Zangu mimi huzitoa asubuhi ya kesho yake, kabla ndugu hawajaamka kusambaza za kwao.