Namba ya raba yako si namba ya kiatu cha baiskeli

Ukiagiza viatu vya baiskeli mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi, namba ikikosewa unalipa mara mbili. Mzigo umetoka Dar kwa basi, zaidi ya kilomita 400, na kuurudisha ni nauli nyingine juu yako, hapo muuzaji awe amekubali kupokea. Kwa hiyo pima mguu kwanza, tena kwa milimita.

Pima jioni. Kwa joto la pwani mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mguu huo uliovimba ndio utakaokuwa ndani ya kiatu ukirudi kutoka Mikindani jua likiwa la utosi. Vaa soksi utakazoendeshea. Tandika karatasi ya A4 kwenye sakafu ngumu, si juu ya mkeka, ukingo wake ugusane na ukuta. Simama kisigino kikigusa ukuta, uzito wote kwenye mguu huo, kisha mtu mwingine aweke alama kwenye ncha ya kidole kilichotangulia, ambacho kwa baadhi ya watu si gumba bali kinachofuata. Ukichora mwenyewe utainama na kisigino kitaachana na ukuta. Penseli isimame wima. Ikilala, milimita tatu nne zimepotea, na namba moja ya Ulaya hutofautiana na inayofuata kwa milimita 6.7 tu. Rudia mguu wa pili, ufuate ulio mrefu.

Angalia na rula yenyewe. Za shule nyingi zina kipande kitupu kabla ya sifuri, na mtu akipima kuanzia kwenye ukingo anajipunja bila kujua.

Kisha pima upana, kutoka mfupa uliochomoza chini ya kidole gumba hadi ule wa upande wa kidole kidogo. Wengi wanaruka hapa, halafu wanalalamika ganzi. Soli ya kiatu cha baiskeli ni ngumu, ya nailoni au kaboni, haipindi na wala haitanuki kama raba. Kiatu kikibana ubavuni, mishipa ya fahamu kati ya mifupa ya vidole hukandamizwa, na baada ya saa moja unyayo unawaka moto. Dawa si kupanda namba: utapata urefu usiouhitaji na kisigino kitacheza. Tafuta toleo pana la namba ileile. Shimano, kampuni ya vifaa vya baiskeli, wanayo kwa baadhi ya viatu vyao.

Sasa namba. Ile 42 ya Ulaya inatokana na urefu wa kalibu ya kiwandani, yaani umbo ambalo kiatu hutengenezwa juu yake, si mguu, na kila kiwanda kina kalibu zake. Ndiyo maana 42 ya huku inaweza kuwa 43 ya kule. Namba za Marekani zina mtego zaidi, kwani za kike na za kiume hazilingani. Achana nazo zote, tafuta jedwali la kampuni husika lenye safu ya sentimita. Kwa Shimano, 42 ni mguu wa sentimita 26.5 na 43 ni 27.2. Mwenye mguu wa 26.8 achukue 43, au 42.5 kama kiatu hicho kinatoka kwa nusu namba.

Kwa mtumba wa kwenye magrupu ya WhatsApp, jedwali halitoshi. Mwambie muuzaji achomoe soli ya ndani, ailaze kando ya rula na kupiga picha kwa juu. Soli hiyo izidi mguu wako kwa milimita 5 hadi 10. Asiyetaka kuichomoa, mwache na kiatu chake.

Kuhusu aina: chagua soli ya matundu mawili ya kliti (kipande kinachofungwa chini ya kiatu ili kinase kwenye pedali), ile ya baiskeli za milimani. Kliti yake imezama kati ya meno ya soli, kwa hiyo unaweza kushuka na kutembea kwenye mchanga wa njia ya Msimbati. Ya matundu matatu ina kliti iliyotokeza; hujaa mchanga, haiingii kwenye pedali, na plastiki yake inalika haraka.

Mzigo ukifika, vijaribu jioni ndani ya nyumba, ukiwa na soksi zilezile. Funga, kaa, kisha vuta kisigino juu: kisitoke. Vidole vichezeke bila kugonga mbele. Vikae mguuni dakika ishirini. Kliti usifunge kabla ya hapo, maana meno yake huuma soli na kuacha alama, na muuzaji akiziona hapokei tena. Ukisharidhika, paka grisi kwenye boliti ndipo ukaze kwa spana ya alen ya milimita 4. Chumvi ya huku huzishikisha kutu, na siku ya kubadilisha kliti vichwa vinalika.