Nikiwa na upendeleo nisioujua, ninachoamini kina msingi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi huwa nakaa kwenye paneli ya kusaili watu wanaoomba kazi, juzi mwenzangu kaniambia eti wanawake nawapa maksi za chini. Nimejichunguza moyoni sijaona chuki yoyote, na kila niliyemkata nina sababu yake. Kama upendeleo upo na mimi siujui, kosa langu ni lipi? Na bado nina haki ya kuamini niliowachagua ndio walikuwa bora?

JIBU: Ndugu yangu, hapo kwenye kujichunguza ndipo penye shida yote. Mwaka 1977 wanasaikolojia Nisbett na Wilson walieleza jaribio ambalo watu waliwekewa jozi nne za soksi za nailoni, zote sawasawa, wakaulizwa ipi ina ubora zaidi. Ya mwisho kulia ndiyo iliyochaguliwa na watu wengi zaidi kuliko zote, na walipoulizwa kwa nini, hakuna hata mmoja aliyetaja mahali ilipowekwa. Hawakudanganya, sababu walizotoa waliziamini kabisa, ila sizo zilizowafanya wachague. Kwa hiyo kuwa na sababu tu hakutoshi, swali ni kama sababu hiyo ndiyo iliyokufikisha hapo au imekuja baadaye kukupa amani.

Na kwenye usaili ndo hatari zaidi. Watafiti Uhlmann na Cohen, 2005, walimpa kila mtu mwombaji mmoja wa ukuu wa polisi, kwa wengine mwanamume kwa wengine mwanamke, ama mwenye elimu ama aliyezoea mtaani. Mwanamume akiwa ndiye msomi, elimu inaonekana muhimu kwa kazi ile, akiwa hana elimu umuhimu wake unashuka. Yaani kipimo chenyewe kinahama kumfuata mtu, na anayepima anaona ametenda haki!

Sasa maswali yako mawili usiyachanganye, kosa ni kitu kingine na msingi wa imani ni kitu kingine. Muuzaji asiyejua mizani yake imeharibika si mwizi, lakini kilo yake bado si kilo. Hata kama uliyemchagua kweli alikuwa bora, kama jina lingebadilika nawe ungebadilika basi ulibahatisha tu. Mpaka juzi nisingekulaumu sana, ila sasa umeshaambiwa, na kuambiwa huko ni ushahidi, ukiupuuza kwa sababu tu moyoni hukuona kitu hapo lawama inaanza.

Nisikutishe lakini. Haimaanishi usiamini tena chochote, wala usianze kuwaongezea wanawake maksi kwa kukisia, maana huko ni kubahatisha upya. Na yale majaribio ya kompyuta ya kupima upendeleo uliofichika, yaliyoanza mwaka 1998, usiyafanye hakimu wako, mtu mmoja akirudia anaweza kupata matokeo tofauti.

Anza na fomu za maksi za nyuma, uangalie kama mwenzako anasema kweli, afadhali mtu mwingine azifunike majina azisahihishe upya. Kisha vigezo na uzito wake viandikwe kabla hamjaona ombi hata moja, kwenye utafiti ule wa 2005 waliojifunga hivyo mapema upendeleo wao uliisha. Na kila mmoja aandike maksi zake kabla ya kujadiliana. Ukifanya hivyo halafu bado ukaona fulani ndiye bora, amini bila wasiwasi, maana sasa una kitu cha kumwonyesha hata yule uliyemkata.