Maswali yenu ya saa janja: mkono mdogo, upele, udhu na presha ya mama

Maswali ya saa za mazoezi yamekuwa mengi sana, na karibu wote mnauliza ipi ina mambo mengi, wachache tu ndio wanauliza ipi inakaa vizuri mkononi. Mimi naanzia hapo kwenye kukaa, kwasababu saa inayokubana utaivua usiku, utaivua ukifua, alafu siku moja ipo kwenye droo na chaji imeisha. Haya twende.

Nina mkono mwembamba, mume wangu kaniletea saa kubwa, nikipiga pushapu kitufe kinanichoma nyuma ya kiganja. Niizoee au niibadilishe? (Tabata)

Dada kabla hujaibadilisha ingia kwenye mipangilio, baadhi ya saa zinakubali kugeuza skrini ili vitufe viangalie kiwiko badala ya kiganja, au ihamishie mkono wa pili. Hapo kuchomwa kumeisha. Ila kama bado inayumba kila ukinyanyua ndoo basi ni kubwa kwako. Angalia pale mkanda unaposhikia, yale masikio ya saa, yakitokeza nje ya upana wa mkono wako ujue mgongo wa saa haulali kwenye ngozi, na usipolala hata mapigo ya moyo itakuwa inakisia tu. Kwa mkono mdogo tafuta zenye uso wa upana wa milimita 40 mpaka 42 na uulize uzito, watu hawaulizi uzito kabisa! Garmin Forerunner 55 ina gramu 37, Apple Watch Ultra ile ya kwanza ya 2022 ina gramu 61 na hapo bado hujaweka mkanda, ukiwa dukani huoni tofauti, lala nayo usiku mmoja ndio utaiona. Ukienda kununua Kariakoo usiishie kuiangalia, ivae, ifunge, alafu weka kiganja kwenye kaunta na uegemee kama unataka kuisukuma. Ikikuchoma pale, nyumbani pia itakuchoma.

Imenitoka upele chini ya saa, naambiwa ni mionzi ya ile taa ya kijani. Kweli? (Mbagala)

Hapana ndugu yangu, ile ni taa ya kawaida tu ya mgongoni mwa saa ya kupimia mapigo ya moyo, damu inanyonya mwanga wa kijani, kila moyo ukipiga damu inaongezeka kidogo kwenye mkono na mwanga unaorudi unapungua, saa inahesabu huko kupanda na kushuka basi. Haina uhusiano na mionzi ya eksirei.

Upele mara nyingi ni jasho, sabuni na kubana. Mimi ulinipata msimu wa joto hapa Dar, nikatokewa na alama nyekundu ya duara kabisa, umbo la mgongo wa saa, na inawasha balaa. Nilikuwa naoga nayo, nalala nayo, siivui. Nilipoigeuza nikakuta kwenye mashimo ya mkanda na kwenye bakoli, kile chuma cha kufungia mkanda, kuna utando mweupe, sabuni iliyokaukiana na jasho, yani hiyo ndio nilikuwa najipaka kutwa nzima. Nikasugua na mswaki laini kwa maji matupu, nikaanika, nikavaa mkono mwingine mpaka ngozi ikapona yenyewe. Tangu hapo naiosha kila nikitoka kukimbia na naivua angalau saa moja kwa siku ngozi ipumue.

Mkanda wa silikoni unaoshwa kirahisi ila unafungia jasho, wa nailoni ule wa kunatisha kama viatu vya watoto unapitisha hewa na unaukaza kadri unavotaka, lakini unanyonya jasho kwahiyo lazima ufuliwe. Ngozi mimi sikushauri kwa mazoezi, inanuka. Na kuna watu mzio wao ni wa nikeli iliyo kwenye vyuma au gundi, huo sio uchafu, mwaka 2014 kampuni ya Fitbit iliiondoa sokoni saa yake ya Force kwasababu ya watu kupata upele namna hiyo. Kama hereni za bei chee zinakuwasha masikio, chunguza bakoli ya saa. Upele ukitoa maji au ukisambaa, nenda hospitali.

Natawadha mara tano kwa siku na napenda kuogelea. Nitaiharibu? (Unguja)

Tafuta iliyoandikwa 5ATM, ni alama ya kiwango cha kuzuia maji, hiyo maji ya udhu na kuogelea juu juu haiiumizi. Ila 5ATM isikufanye uzame nayo mita 50, ule ni mgandamizo wa maji yaliyotulia, na maji ya moto na sabuni yanachosha mpira unaozuia maji. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi ya bomba. Kwenye udhu, maji yanatakiwa yafike ngozi yote ya mkono, kwahiyo chagua mkanda unaofunguka haraka kwa mkono mmoja, hili ni jambo dogo lakini mara tano kwa siku si dogo. Alafu futa mkono ukauke kabla hujairudisha, rejea kwa mwenzako wa Mbagala hapo juu.

Mama ana presha, nimeona saa ya elfu 35 inapima presha na sukari bila kuchoma. Nimnunulie? (Morogoro)

Tafadhali usimnunulie kwa ajili hiyo. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu waziwazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu anaweza kuchoma insulini kwa namba ya uongo, hili linaniogopesha sana. Presha nayo, hata Samsung wenye kipimo hicho wanataka uirekebishe kwa mashine ya mkono kila baada ya siku 28. Mnunulie mama mashine yenyewe ya kufunga kwenye mkono wa juu, na saa mpe ya kuhesabu hatua tu kama atapenda.

Mlinzi wa zamu za usiku, chaji ndio shida yangu.

Achana na zenye skrini inayowaka muda wote. Chukua bendi nyembamba au saa inayokaa wiki na zaidi. Na angalia simu yako kwanza, Apple Watch haiungani na simu nyingine zaidi ya iPhone.

Nakimbia taratibu kabisa lakini saa inasema mapigo 170. Nina ugonjwa? (Moshi)

Kama unaweza kuongea sentensi nzima huku unakimbia, kuna uwezekano saa imeshika hatua zako, mguu ukigonga mara 170 kwa dakika na saa ikiwa inarukaruka mkononi, inachanganya hatua na moyo. Ipandishe upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, kaza tundu moja kabla ya kuanza, ukimaliza legeza. Kama una tatuu pale, hamisha mkono, wino unazuia mwanga. Alafu simama, weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Vidole navyo vikisema 170 kwenye mwendo wa taratibu, hapo nenda kamuone daktari wiki hii hii.