Paje au Nungwi na watoto?

Dada, umeuliza mwezi wa 8 mkae Paje au Nungwi, huko Zanzibar, kwa siku 4, na mbebe nini. Kama watoto wanataka kuogelea muda wote, nendeni Nungwi au Kendwa. Paje ni pazuri, lakini maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua (mwezi mwandamo au mpevu), bahari hukimbia mamia ya mita na kubaki mchanga, vidimbwi na akina mama wanaolima mwani. Mimi nilifika pale saa nne asubuhi na taulo begani, wanangu wakaniuliza bahari imekwenda wapi! Mkichagua Paje, muulizeni mwenyeji saa za maji kujaa. Kila siku huchelewa kama dakika 50.

Wanunulie watoto yeboyebo. Kuna wanyama weusi wenye miiba mirefu kwenye mawe, na mwiba ukivunjikia unyayoni, likizo imeharibika.

Safari ya boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Agosti upepo wa kusi unavuma na boti huyumba, kwa hiyo kaeni sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, na tangawizi mkononi ya kuzuia kichefuchefu. Tiketi kateni dirishani, si kwa vijana wa nje, na msisahau vitambulisho.

Mjini na vijijini vaeni ya heshima. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Jioni moja mkale urojo Mji Mkongwe. Bei ulizeni kabla hamjakaa.