Data ya mvua ya miaka 60: angalia Jumatatu kwanza

Mkuu, umesema una data ya kila siku ya kituo kimoja cha Dodoma, 1961 hadi 2020, na mstari wa Excel unapanda, kwa hiyo mvua kubwa zinaongezeka. Polepole. Kwa joto la usiku kituo kimoja kinaweza kukuambia mengi, lakini kwa mvua kubwa mstari huo bado haujathibitisha kitu.

Anza na daftari lenyewe. Nafasi tupu inaweza kuwa siku kavu, au siku ambayo msomaji hakwenda kwenye kipimamvua. RClimDex, programu ya kukokotoa viashiria vya mvua na joto kali, inataka -99.9 pale data isipokuwepo. Ukijaza 0 umetengeneza ukame wa kalamu. Halafu tafuta hii: Jumamosi tupu, Jumapili tupu, Jumatatu milimita 61. Hayo ni maji ya siku tatu yaliyosomwa mara moja. Yatoe kwenye rekodi ya mvua kubwa ya siku moja, ila kwenye jumla ya siku tano yanaweza kubaki. Njia rahisi ya kuyakamata makosa haya: hesabu siku za mvua kwa kila siku ya wiki. Mawingu hayajui wikendi. Jumatatu ikizidi na Jumapili ikipungua, tatizo ni la msomaji. Kurasa za zamani za inchi zidisha kwa 25.4 upate milimita.

Pili, usikate mwaka Desemba. Mvua za Dodoma ni Novemba hadi Aprili, kwa hiyo mwaka wako uanze Julai uishe Juni. Kosa hili nimeliona mpaka kwenye tasnifu. Na kile kipimo cha siku nyingi mfululizo zenye mvua chini ya milimita 1, ukikipiga kwa mwaka mzima kitakupa urefu wa kiangazi tu, ambao kila mtu anaujua. Kinachoua mahindi ni ukavu wa katikati ya msimu. Hesabu Desemba hadi Machi peke yake.

Sasa mstari. Ule wa Excel huvutwa na mwaka mmoja mkubwa, mfano El Niño ya 1997/98. Tumia mteremko wa Sen: misimu 59 inakupa jozi 1,711 za misimu miwili miwili, kila jozi ina mteremko wake, na jibu ni ule wa kati ukiipanga yote. Kisha jaribio la takwimu la Mann-Kendall, kupima kama ni bahati tu. Chunga pia ncha mbili za rekodi, mwanzo na mwisho. Mwishoni mwa 1961 Afrika Mashariki ilinyeshewa vibaya sana, Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 hadi 1964. Na msimu wako wa mwisho, 2019/20, nao ulifuata Bahari ya Hindi ya magharibi iliyopata joto kupita kiasi. Rudia hesabu ukianza 1965, kisha 1975, kisha ukiishia 2015. Alama ya mteremko ikigeuka kutoka jumlisha kwenda toa, huna mwelekeo. Hapo unganisha vituo kadhaa vya kanda.

Joto la usiku ni rahisi zaidi. Kwa kila tarehe chukua siku tano zinazoizunguka, 1961 hadi 1990: thamani 150. Tafuta kiwango ambacho asilimia 10 tu ya usiku ulikivuka, kisha hesabu usiku unaokivuka kila mwaka. Kabla ya kushangilia, toa wastani wa kila mwezi wa kituo jirani cha Singida kwenye wa kwako. Tofauti ikiruka nyuzi 0.8 ghafla na kubaki hapo, huenda kilichohama ni kibanda cha vipimajoto.